Mradi na Ilimradi

Neno mradi lilitufikia likiwa na heshima zake. Kwa Kiarabu, lilikotoka, ni lile alitakalo mtu, nia iliyomkaa moyoni, na wazee wetu walilitumia hivyo hivyo: walisema mradi wa fulani ni kuhiji, wakakusudia kuwa ndiko roho yake iliko. Kisha lugha, ambayo haioni haya kuwasema wenyewe, ikamzalia mradi ndugu wa pili, ilimradi. Mtu akifagia uwanja akayaacha majani pembezoni, twasema amefagia ilimradi. Mwalimu akiingia darasani akasoma kitabu kwa sauti mpaka kengele ikalia, amesomesha ilimradi. Basi tuna mradi, ambao ni nia, na tuna ilimradi, ambayo ni kazi inayofanywa ili ihesabiwe kuwa imefanywa. Nimekula miaka tisa baina ya maneno haya mawili, nikilipwa kwa siku. Sasa naitwa nikale tena hapo hapo, nikilipwa kwa mwezi, na kabla ya kuitikia nataka kusema machache hadharani, kwa kuwa jambo hili si langu peke yangu. Wako wengi visiwani humu, na Mombasa, na Dar es Salaam, wenye kalamu moja na lugha mbili, wanaopima kazi ya namna hii usiku wakati watoto wamelala.

Mambo yenyewe ni haya. Kampuni ya ushauri niliyokuwa nikiifanyia kazi, ambayo jina lake nalistiri, ilinipunguza mwaka 2025 pamoja na wenzangu kadhaa. Sababu zake ni zake. Lakini mwaka ule ulikuwa mchungu kwa kila aliyekula kwa kuandika maandiko ya miradi ya watu wengine. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90. Tarehe 10 Machi ikatangazwa kuwa asilimia 83 ya programu za shirika lao la misaada, USAID, zimefutwa. Na tarehe 1 Julai shirika lenyewe, lililoundwa mwaka 1961, likafunga milango, na mabaki yake yakatiwa katika wizara ya mambo ya nje. Wala si misaada tu iliyowapukutisha washauri. Machi 2023 Accenture, mojawapo ya kampuni kubwa za kazi hiyo, ilitangaza kuwa itapunguza watu 19,000 duniani. Mshauri ni mgeni wa kualikwa. Mwenye nyumba akisema hakuna chakula leo, mgeni hana pa kushitakia.

Kazi niliyoitiwa ni ya afisi ya usimamizi wa miradi. Kwa msomaji ambaye Mungu amemwepusha na mambo haya, nieleze kwa ufupi. Afisi hiyo haichimbi mtaro wala haijengi ukuta. Huwaangalia wanaochimba na wanaojenga: hupanga ratiba, hutunza daftari la mambo ya hatari yanayoweza kutokea, huhesabu fedha iliyotoka na iliyobaki, huidhinisha mabadiliko, na kila mwezi na kila robo mwaka huandika ripoti ya kupeleka juu. Mshauri huja, huandika, hulipwa, huondoka, afisi hukaa. Mimi nimetakiwa niwe afisa wa nyaraka. Mkataba ni wa miaka mitatu, na mshahara wake ni mdogo kuliko nilichokuwa nikipata katika miezi mizuri ya ushauri na ni mkubwa kuliko nilichokipata katika miezi mibaya, ambayo ndiyo ilikuwa mingi. Mimi ni mtu wa miaka hamsini na kitu, sina shahada, Kiingereza nimekifuma mwenyewe kutoka katika vitabu vilivyochakaa. Kazi kama hii haibishi hodi kila siku kwenye mlango kama wangu.

Makundi mawili yamekwisha kunishauri, bila ya kulipwa.

La kwanza ni malenga wenzangu. Hawa huja jioni, hukaa barazani, na baada ya kikombe cha pili cha kahawa husema kuwa mshairi akikalia kiti cha afisi, bahari humsusia. Maneno matamu, na bahari hapo ina maana zake mbili, lakini ni maneno ya wasioijua historia ya tungo wanazojivunia. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha akahamia idara ya wanyama, kisha afisi ya wilaya Tanga, kisha idara ya upimaji ardhi. Kaluta Amri Abedi, aliyetuandikia Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuwa Meya wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria. Abdilatif Abdalla alikuwa na kazi yake katika Baraza la Manispaa ya Mombasa alipoandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968. Kiti hakikumfunga mdomo. Wakamfunga wenye serikali, tangu 1969 hadi 1972, na huko gerezani akatunga yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki. Na Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyetutoka mwaka 2021, hakukaa afisini, lakini naye hakukaa akingoja tungo zimlishe: alikuwa mvuvi na baharia. Ama kuhusu sisi watarjumani, Mwalimu Nyerere aliitoa tarjuma yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963 ilhali anaongoza nchi. Mwenye kudai kuwa afisi humnyima mtu nafasi ya kufasiri na atutafutie afisi iliyokuwa na shughuli kuliko hiyo.

Kundi la pili ni wale waliopunguzwa pamoja nami. Wao husema: chukua, usiulize. Hawa siwabezi. Mtu mwenye ada ya skuli mezani na bili ya umeme chini yake hana haja ya kusomewa falsafa. Hupima mshahara, hupima michango ya hifadhi ya jamii, hupima kama afisi hiyo itakuwapo baada ya miaka mitatu au itakuwa ya kwanza kukatwa fedha zikipungua, kwa kuwa afisi ya kuangalia kazi siku zote huonekana ni ya ziada mbele ya wanaoifanya kazi. Vipimo hivyo ni vya haki. Nimevipima vyote. Hata hivyo kipo kipimo kimoja ambacho sikumsikia hata mmoja wao akikitaja, na hicho ndicho kinachonikosesha usingizi: karatasi za afisi hiyo zinasema na nani?

Nitatoa mfano mmoja, bila ya kumtaja mtu wala taasisi. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutia Kiswahili muhtasari wa mradi wa wakulima wa mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja. Andiko zima lilikuwa na kurasa arubaini na saba, kwa Kiingereza. Niliyotakiwa nifasiri ni kurasa nne, tena baada ya kila kitu kukwisha kuamuliwa na kutiwa saini. Ndani yake ilikuwamo ratiba ya mafunzo: siku nne mfululizo, Jumatatu hadi Alkhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi. Ratiba ilipendeza, imechorwa kwa mistari ya rangi. Nilipokwenda kuisoma mbele ya kina mama wenyewe, bi mkubwa mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akifuma ukili aliniuliza tarehe hizo zinaangukia wapi katika mwezi. Tukahesabu. Zilikuwa siku za bamvua.

Msomaji wa pwani amekwisha kufahamu, lakini nimalizie kwa faida ya wengine. Mwani haulimwi kwa saa ya ukutani. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu; maji hutoka mbali, na kwetu hutoka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Hizo ndizo siku za kuingia shambani, kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi, kuvuna. Zikipita, huja maji mafu, na shamba halifikiki vizuri mpaka mwezi ugeuke tena. Tangu kilimo hiki kianze katika vijiji vile mwishoni mwa miaka ya 1980, hapana mwanamke wa Paje au Jambiani asiyelijua hilo. Yule bi mkubwa akanambia: "Baba, siku hizo sisi tumo majini. Mwambie aliyeandika asogeze wiki moja tu." Nikapeleka salamu. Nikajibiwa kwa adabu kuwa ratiba imekwisha idhinishwa, na kuibadilisha kunahitaji fomu, na fomu inahitaji saini tatu. Mafunzo yakafanywa. Walihudhuria wachache, wengi wao vijana wa kiume wasiolima mwani. Na katika ripoti ya robo mwaka, ambayo nayo niliisoma kwa Kiingereza, iliandikwa kuwa mwamko wa jamii bado ni mdogo.

Mwamko mdogo! Watu walioamka kabla ya alfajiri kufuata maji wanaandikiwa kuwa hawajaamka. Hapo ndipo mradi ulipogeuka ilimradi, na haukugeuzwa na mwizi wala mvivu. Waandishi wa andiko lile walikuwa watu wasomi, wachapa kazi, na fedha zilihesabiwa mpaka shilingi ya mwisho. Kilichokosekana ni kitu kidogo mno: ratiba ile ingeandikwa kwa Kiswahili tangu rasimu ya kwanza na kubandikwa kwenye mlango wa duka la kijiji, kosa lingeonekana kabla ya magharibi ya siku hiyo hiyo, bila ya mshauri na bila ya gharama.

Ndiyo maana nasema tarjuma inayoitwa mwisho si tarjuma. Ni tangazo. Anayefasiri shairi hulishika shairi likiwa zima mbele yake, naye hupewa haki ya kurudi nyuma, kuuliza, kubadilisha, hata kukataa. Afasiriye muhtasari wa mradi hupewa kitu kilichokufa akivishe sanda nzuri. Nimeivisha miaka tisa. Nalijua duka la sanda kuliko wengi.

Tena utazame maneno yenyewe tuliyoyazoea. Wadau. Neno hili limeenea kila mkutano, na asili yake inasemwa kuwa ni dau, lile linalowekwa mchezoni. Mshikadau ni mwenye chake hapo mezani. Lakini kwa sisi wa visiwani dau ni chombo pia. Mara ngapi nimepitia orodha ya wadau wa mradi wa pwani, nikakuta wizara, mahoteli, jumuiya, chuo, na benki, nikamtafuta mwenye dau la kweli, lile la mbao na tanga, nisimwone isipokuwa katika karatasi ya mahudhurio, palipo na alama ya dole gumba na posho aliyopokea? Kujengewa uwezo: mtu aliyevua miaka arubaini hujengewa uwezo na kijana aliyeiona nyavu kwenye picha. Uibuaji wa changamoto: changamoto zimo wazi, zinanuka, zimejaa mtaroni, nani azame kuziibua? Hadidu za rejea ni istilahi ambayo nimeiandika mara mia na sijakutana na mtu aliyeisema jikoni kwake. Maneno haya yana sura ya Kiswahili na viungo vya Kiswahili, lakini hayakuzaliwa na haja ya msemaji yeyote wa Kiswahili. Yalizaliwa na haja ya ripoti.

Ripoti hizi nazo zina nasaba. Mwaka 1969 ni mwaka wa kukumbukwa katika jambo hili. Mwaka huo ilianzishwa huko Marekani taasisi ya wasimamizi wa miradi, ile ambayo vyeti vyake leo vinatakiwa katika matangazo ya kazi mpaka huku kwetu. Mwaka huo huo washauri waliokodiwa na USAID walibuni jedwali la mantiki ya mradi, ambalo sisi tunaliita bangokitita. Na mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi. Sidai kuwa matatu haya yana uhusiano. Nayaweka pamoja ili tuone ni lipi lililostawi. Bangokitita limelizidi umri shirika lililolizaa. Shirika limefungwa, jedwali lingali linajazwa kila afisi.

Mshairi akilitazama jedwali hilo hawezi kuacha kutabasamu. Lina safu nne za kulala na nguzo nne za kusimama. Sisi nasi tuna mishororo minne. Safu za juu hueleza lengo kubwa, kisha kusudio, kisha matokeo, kisha shughuli. Nguzo nazo: ya kwanza ni maelezo, ya pili viashiria, ya tatu mahali pa kuvithibitishia, na ya nne ni mambo yale yanayochukuliwa kuwa yatakuwa, ingawa mradi hauna mamlaka juu yao: mvua itanyesha, bei haitaanguka, watu watakuja. Katika shairi, mshororo wa nne ndio kituo. Ndio unaobeba uzito, na mara nyingi hurudiwa kila ubeti ili usisahaulike. Katika bangokitita nguzo ya nne ndiyo isiyosomwa na mtu. Hujazwa mwisho, jioni, kwa haraka, ilimradi nafasi isibaki nyeupe. Na mwezi na bamvua, kama vingeandikwa popote, vingeandikwa humo.

Wala tusiseme kuwa haya yameletwa na kompyuta. Mama wa miradi yote ya namna hii katika nchi yetu ni ule wa karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikitafuta mafuta ya kula baada ya vita, iliazimia kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Mpango ulikuwa na vitabu, na takwimu, na matingatinga. Ardhi ya Kongwa ikikauka huwa ngumu kama saruji, mibuyu ikawavunja nguvu, mvua ikafanya ilivyozoea kufanya Ugogo, yaani ikaadimika. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na karibu pauni milioni 36 zimekwisha. Mgogo yeyote mwenye mvi angeweza kusema habari za mvua zile kwa sentensi moja. Sentensi hiyo haikuwa na safu ya kuandikiwa.

Najua nitakavyojibiwa, kwa kuwa nimejibiwa hivyo uso kwa uso. Nitaambiwa Kiswahili hakina istilahi za usimamizi. Nitaambiwa mfadhili hasomi Kiswahili. Nitaambiwa mambo ya kitaalamu yana lugha yake.

La kwanza ni kutojua. Lugha hii ilisimamia miradi kabla ya kuwapo aliyeiita miradi. Aliyeunda jahazi alianza na mkuku, akaja na mataruma, akapigilia mbao, akatia kalafati, na kila hatua ilikuwa na jina lake, na fundi wake, na siku yake, na gharama yake, na hatua ya tatu haikuthubutu kutangulia ya pili. Nahodha aliyekuwa akienda Arabuni alikuwa na ratiba kali kuliko yoyote niliyopata kuiona ukutani: huondoka na kusi, hurudi na kaskazi, na akichelewa kumaliza biashara yake hukaa huko mpaka msimu ugeuke, akila mtaji. Hatari alizijua kwa majina, moja moja. Samaki waligawanywa kwa mafungu, fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya mabaharia, na hesabu hiyo ilifungwa pwani, mbele ya macho ya wote. Ukitaka istilahi, kaulize huko kabla hujafungua kamusi ya Kiingereza. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Itakuwa ajabu Unguja ikawa ndipo mahali ambapo Kiswahili hakitoshi kupangia ujenzi wa choo cha skuli.

La pili lina ukweli ndani yake, nami silipuuzi. Mwenye fedha ana haki ya kusoma fedha yake imekwenda wapi. Afasiriwe! Wafasiri tupo, na wengi wetu kwa sasa hatuna kazi. Ninachokipinga ni mwelekeo wa mto. Leo andiko huzaliwa kwa Kiingereza, na matone machache ndiyo yanayoshuka hadi kwa anayeandikiwa. Liandikwe kwa lugha ya anayelima, lijadiliwe naye, lisahihishwe naye, kisha lipelekwe kwa mfadhili likiwa limefasiriwa vizuri, kurasa zote arubaini na saba. Karatasi ni zile zile, wino ni ule ule. Kinachobadilika ni nani asomaye asili na nani asomaye tarjuma.

La tatu nalijibu kwa kuitaja sheria. Mwaka 2021 Bunge la Jamhuri ya Muungano lilifanya mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kama jaji anaweza kupima uhai na mali ya mtu kwa Kiswahili, sioni ni utaalamu gani wa mitaro na vibanda vya soko unaomshinda afisa wa ratiba. Umoja wa Afrika umekikubali Kiswahili, SADC imekikubali, UNESCO imekitengea siku, tarehe 7 Julai. Kila mwaka siku hiyo tunavaa kanzu na khanga, tunasoma mashairi, na hotuba ya mgeni rasmi huwa tamu. Tarehe 8 Julai afisi hufunguliwa na waraka wa kwanza kutoka mezani ni wa Kiingereza.

Asije mtu akadhani nautukana usimamizi wenyewe. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Nilisimama Forodhani pamoja na umati nikilitazama vumbi. Nani, baada ya siku ile, atasema kuwa hatuna haja ya watu wa kuandika hatari katika daftari, kuzifuatilia kila wiki, na kupiga kelele siku zinapopita? Tuna haja nao, tena kubwa. Ninachotaka ni daftari hilo liweze kusomwa na mwashi aliye juu ya jukwaa, na msaidizi wake anayechanganya chokaa, na mpishi wa chai anayepita chini ya ukuta kila asubuhi na pengine ndiye wa kwanza kuuona ufa. Daftari la hatari lisilosomwa na aliye hatarini, sijui ni la nani.

Kwa hiyo kipimo changu ni hicho, na nawausia wenzangu wakitumie pamoja na vile vingine vya mshahara na bima. Ukiitwa katika afisi ya namna hii, usiulize kwanza utalipwa ngapi. Uliza rasimu ya kwanza huandikwa kwa lugha gani, na mtu wa lugha huitwa siku ya ngapi. Wakikwambia huitwa mwisho, basi ujue wanatafuta mshona sanda. Unaweza kuikubali kazi hiyo, watoto wale. Sitakuhukumu, mimi ni nani? Lakini usijidanganye kuwa umeajiriwa kwa ajili ya Kiswahili, na usije kwenye kurasa hizi kutulilia juu ya hali ya lugha yetu.

Mimi nimewaandikia barua. Nimeomba mambo mawili yaingizwe katika mkataba. La kwanza, kila ratiba, na kila ukurasa wa hatari, utoke kwanza kwa Kiswahili na ubandikwe mahali pa kazi siku saba kabla ya kuidhinishwa. La pili, kalenda ya afisi iwe na nguzo ya mwezi na maji, kando ya tarehe za kizungu. Hili la pili nimeambiwa kwa simu kuwa limewachekesha, na kwamba pengine litakubaliwa kwa kuwa halina gharama. La kwanza linakwenda kwa mwanasheria. Mkewangu, ambaye ndiye anayejua unga umebaki kiasi gani, aliisoma barua hiyo kabla sijaipeleka, akanirejeshea akisema siku saba ni nyingi, niwaandikie tano, watakataa vibaya. Nimeziacha saba. Bamvua hadi maji mafu ni siku saba, na mwenye kutaka kuzipunguza akauombe mwezi. Jawabu nimeahidiwa mwisho wa wiki ijayo. Kalamu ya kutia saini ninayo, na tarjuma ya tenzi niliyoianza tangu siku nilipopunguzwa imefika ubeti wa mia mbili na kumi.